Nesi wa macho: siku moja, wagonjwa 16 na kioo cha ndege

Saa 11 alfajiri nimeamka, saa 12 niko kwenye bajaji, saa 12 na nusu mashine ya kuchemshia vifaa imeshaanza kupiga mvuke. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji kwenye kliniki ya macho hapa Tanga. Watu wakisikia hivyo huuliza, "Kwa hiyo kazi yako kumpa daktari mkasi?" Nampa, ndiyo. Hiyo ndiyo sehemu ya kupumzika.

Saa 1 tunafungua bendeji za waliopasuliwa jana. Leo mzee mmoja alikaa kimya, akaivuta kanzu yake mpaka karibu na pua, akaigeuza huku na huku. "Nani ameitia buluu kanzu yangu?" Hakuna aliyeitia. Mtoto wa jicho, yaani lenzi ya ndani ya jicho ikichafuka, hugeuza kila kitu rangi ya chai ya rangi, taratibu mno, mpaka mtu anasahau nyeupe ilivyokuwa.

Nilipoajiriwa tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: Dokta, dada wa mapokezi na mimi. Tukipasua watatu kwa siku tunajiona mashujaa. Leo orodha ina 16, na watu husema mikono ya Dokta imekuwa myepesi. Mikono ni ile ile, ila siku hizi haisubiri. Mtindo wenyewe tumeuiga India, mji wa Madurai, ambako Dokta Govindappa Venkataswamy, tayari mstaafu na vidole vimepindwa na baridi yabisi, alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mwaka 1976 na vitanda 11 tu vya kulaza wagonjwa. Vitanda vya kupasulia vinawekwa ubavu kwa ubavu. Daktari akimaliza hapa, anageuza darubini kule, na mgonjwa wa pili ameshapigwa ganzi, jicho limesafishwa, kitambaa kimefunikwa. Sasa jiulize huyo wa pili kaandaliwa na nani.

Saa 3 tulikuwa tunakwenda vizuri. Ndipo akaingia bibi mmoja wa Pangani na mwanawe, baba mtu mzima mwenye simu mbili.

"Dada, mnatumia mionzi?"

"Hapana kaka. Tunatoboa kidogo pembeni ya jicho, tunatoa lenzi iliyochafuka, tunaweka mpya."

"Maana mimi nimeambiwa mnalitoa jicho nje, mnaliosha, mnalirudisha."

Hili nalijibu karibu kila wiki. Jicho halitoki, na likitoka halirudi kuona. Nikamweleza kwa picha ya ukutani. Akaitazama, akampigia nduguye aliyeko Maskati, akaweka spika. Ndugu akatoa fatwa kutoka huko: wasubiri mtoto wa jicho aive kwanza. Zamani madaktari walisubiri kweli, kwa sababu ya vifaa vya wakati ule. Sasa lenzi ikiachwa ikaiva kupita kiasi inakuwa ngumu kama kokwa, inaweza hata kuvimba na kupandisha presha ya ndani ya jicho. Nayasema haya kwenye simu ya mtu nisiyemjua, nyuma yangu Dokta anauliza anayefuata yuko wapi. Na bibi? Hakuna aliyemuuliza kitu. Amekaa pale anasikia watoto wake wakibishana kama jicho lake litoke au lisitoke.

Nikampima presha: 192 kwa 104. Asubuhi ilikuwa 150. Dokta akatikisa kichwa. Kwa presha hiyo damu inaweza kuvuja ndani ya jicho lililo wazi. Nikampitisha mwingine, nikampa bibi kidonge alichoandikiwa, nikamhamishia kwenye kiti cha dirishani. Mwanawe nikamtuma akanunue maji. Maji tunayo.

"Mjukuu wangu, humo mtanitia nini?"

"Lenzi bibi, ya plastiki."

"Plastiki haitaoza?"

Nikamsimulia habari ya Harold Ridley, daktari wa London. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia aliona marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya paa la ndege machoni, na macho yao hayakuvimba wala kutunga usaha. Akawaza, kumbe jicho linaikubali plastiki hii. Novemba 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya kwanza. Wakubwa wengi wa fani yake walimpinga miaka na miaka.

Bibi akafikiri. "Kwa hiyo natiwa kioo cha ndege."

"Kidogo sana, bibi. Kama punje ya dengu."

Akacheka mpaka akakohoa. Ilipofika saa 6 presha ilikuwa 156 kwa 90. Kidonge kilifanya kazi yake, sitajisifu.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Umeme ulikatika jicho la mtu likiwa wazi. Betri ya darubini ikashika, Dokta hakuinua hata kichwa, jenereta ikanguruma. Bibi alikuwa wa 13. Ganzi ya macho humwacha mtu anasikia kila neno, kwa hiyo nilimshika mkono chini ya kitambaa, naye akaubana wangu mpaka pete ikanichoma. Dakika kama kumi, bila uzi hata mmoja. Chakula cha mchana nilikula saa 10, nimesimama.

Wagonjwa wakiisha, kazi yangu haijaisha. Kuna visindano butu vya kusukumia maji ndani ya jicho, tundu jembamba kama unywele, na kila kimoja lazima nikipitishe maji safi mara kadhaa. Mabaki yakikauka mle ndani, kesho yataingia kwenye jicho la mtu na kulichoma. Hakuna anayeniona nikifanya hivi. Miguu imevimba, viatu nimeviacha mlangoni.

Saa 1 usiku nikitoka, bibi alikuwa benchini anamsubiri mwanawe alete gari, bendeji jichoni, anamtuliza mama mmoja aliye kwenye orodha ya kesho.

"Usiogope mwanangu. Wanakutia kioo cha ndege tu."

Yule mama akanigeukia, macho yamemtoka. Nikaweka mkoba chini, nikakaa tena.