Shairi likigoma ubeti wa tatu

Watunzi wengi wa mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za kimapokeo, hukwama ubeti wa tatu, wakadhani ilhamu imewakimbia. Mara nyingi ilhamu ipo. Kilichokwisha ni vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, au ni hoja, na tiba za haya mawili hazifanani.

Jipime hivi: sema kwa maneno ya kawaida kile ambacho ubeti unaofuata unapaswa kusema. Ukiweza, una upungufu wa vina. Ukibabaika, hujui shairi linakwenda wapi, na hata kamusi haitakusaidia.

Tuanze na vina, maana ndipo wengi wanapoumia. Chukua tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, ya beti 6 yenye kibwagizo (mstari wa mwisho wa ubeti) kisichobadilika. Ukiitunga kwa mtiririko, yaani vina vya kati na vya mwisho viwe vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, unahitaji maneno 18 kwa ukwapi (kipande cha kwanza cha mstari) na 18 kwa utao (kipande cha pili), mbali na kibwagizo. Yaorodheshe kabla ya kuandika mshororo (mstari) wa kwanza, tena uyafikishe 25, kwa kuwa mengine hayataingia kwenye maana. Anayeanza na kina cha -dhi atapata hadhi, radhi, ardhi, hifadhi, kisha atahangaika. Vina vinavyozaliwa na vitenzi havikauki upesi: -ka (kauka, vunjika, someka), -na (pendana, kutana), -wa (pigwa, ombwa), -sha. Mshairi Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, alifunga beti zaidi ya 100 kwa kina cha -ya. Kauli ya kutendea (pigia, lilia) humwagia mtunzi maneno ya namna hiyo, maana -ia husikika kama -iya.

Orodha ikigoma kufika 18, usilazimishe. Hamia ukara: shika kina cha mwisho, cha kati kibadilike kila ubeti. Au tunga ukaraguni, ambamo kila ubeti una vina vyake. Naona hili ni bora mara mia kuliko kujaza neno lisilo na kazi ili tu kina kitimie. Inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) zinaruhusiwa, lakini zikijaa kila mshororo, msomaji anaona jasho badala ya shairi.

Anza na kibwagizo. Kwa mfano: “Mtoni maji hakuna, mashamba yamekauka.” Hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: m-to-ni-ma-ji-ha-ku-na, nane, ma-sha-mba-ya-me-ka-u-ka, nane. Hiyo “m” ya mtoni ni mizani kamili, na hapo ndipo wanaoanza hupotea hesabu, wakadhani mshororo umekataa. Ukishika mahadhi (mdundo wa kuimbia), imba. Sikio hugundua mizani iliyopungua kabla ya kidole.

Tatizo likiwa hoja, weka vina kando. Andika sentensi 6 za nathari (maandishi ya kawaida yasiyo shairi), moja kwa kila ubeti, na kila moja isogeze jambo: mashamba yamekauka, mifugo inahama, bei ya unga imepanda, nani alikata miti. Sentensi mbili zikisema kitu kimoja, futa moja; beti 4 zilizoshiba zinatosha.

Na kama hata sentensi haziji, jibu shairi la mwenzio. Katika majibizano, mjibu hufuata bahari (aina ya shairi) na vina vya aliyeuliza, kwa hiyo umbo na hoja unavikuta tayari. Chagua shairi unalolipinga kwa dhati, uanze na mshororo wake unaokukera zaidi.