Kuifuata Mazembe wakati wa merkato

Mechi ya mwisho ya Linafoot, ligi kuu ya Kongo, ikishachezwa, hapa Lubumbashi hubaki mabishano ya merkato, yaani msimu wa usajili: nani anakuja, nani anaondoka, nani ameonekana Luano akishuka kwenye ndege na begi la michezo begani. Majina hayo huchosha, na mengi hayafiki popote. Shabiki wa TP Mazembe, klabu yetu, anayetaka kujua msimu ujao utakuwa wa namna gani afuate karatasi kwanza, majina baadaye. Karatasi zenyewe si nyingi: tarehe ya mwisho wa mkataba, cheti cha uhamisho, orodha ya wachezaji ya CAF (shirikisho la soka la Afrika) na adhabu ambazo hazijamalizika.

Atakayeona hilo ni jambo la makarani aukumbuke mwaka 2011. Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ilikuwa imeifunga Pachuca 1–0 na Internacional ya Brazil 2–0, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na kupoteza 3–0 mbele ya Inter Milan. Miezi michache baadaye iliitoa Simba ya Dar es Salaam kwenye Ligi ya Mabingwa, ikashinda mechi zote mbili. Simba ikakata rufaa juu ya usajili wa beki Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa amechezea Espérance ya Tunis, na CAF ikaifuta Mazembe kwenye mashindano. Nafasi yetu ikaamuliwa kwa mechi moja kati ya Simba na Wydad Casablanca, uwanja wa watu wengine, Cairo. Timu iliyokuwa inatafuta kombe la tatu mfululizo ilitolewa na hati. Tangu hapo, kwangu mimi, merkato ni habari ya hati.

Basi chukua daftari. Kila mchezaji mpe mstari wake: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, uraia, klabu aliyotoka, tarehe ya mwisho wa mkataba, na kama yuko kwa mkopo. Acha nafasi pembeni ya adhabu na majeraha. Tarehe ya mkataba huipata siku ya kutambulishwa, klabu inapotangaza kwamba amesaini miaka miwili au minne. Andika siku hiyohiyo, maana baada ya mwaka hakuna atakayeikumbuka, na hapo ndipo uvumi unapopata nguvu. Tovuti ya klabu ndiyo ya kuanzia. Tangazo lisilotaja muda liwekee alama ya kuuliza, usijaze kwa kukisia.

Sheria za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5, na aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Lakini namba inayotuhusu zaidi ni 6. Mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine bila kulipiwa ada yoyote, ajiunge nayo mkataba ukiisha. Kama mkataba unakatika tarehe 30 Juni, mlango huo unafunguka Januari mosi. Ndiyo maana merkato ya Julai huanza Januari, na shabiki anayeanza kufuatilia baada ya mechi ya mwisho amekwisha chelewa. Desemba ikifika, pitia daftari lako: kila wa kikosi cha kwanza asiyeongeza mkataba na ambaye wake unaisha Juni, klabu ina njia tatu tu. Iongeze, imuuze Januari, au imwache aende bure.

Kuuza Januari kulikuwa rahisi zaidi zamani. Mashindano ya CAF yalikuwa yanaanza mapema mwakani na kumalizika Novemba. Mwaka 2015 Mazembe iliifunga USM Alger kwenye fainali mwezi Novemba, na Mbwana Samatta, aliyetoka Simba 2011, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Aliondoka kombe likiwa kabatini. Tangu msimu wa 2018–2019 kalenda ya CAF inavuka mwaka, na kwa kawaida inaanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni. Sasa anayeuzwa Januari anaondoka makundi yakiwa yanachezwa. Kwa hiyo habari ya mshambuliaji wetu kutakiwa Ulaya mwezi wa kwanza ipime hivyo: bei nzuri peke yake haitoshi, uliza nani aliyekwisha sajiliwa CAF atacheza nafasi yake mwezi wa pili.

Hapa watu huchanganya sana kusaini na kusajiliwa. Picha ya kijana ameshika jezi nyeusi na nyeupe ni kusaini. Kusajiliwa ni safari nyingine. Anayetoka nchi nyingine lazima apitie mfumo wa kompyuta wa FIFA unaoitwa TMS, ambao umekuwa wa lazima tangu Oktoba 2010. Klabu zote mbili zinaingiza mkataba, malipo na tarehe, na taarifa zao lazima zilingane. Zikitofautiana, mfumo unasimama hadi zisahihishwe. Kisha shirikisho la kule anakotoka linatoa cheti cha uhamisho wa kimataifa, kile wanachokiita ITC. Bila hicho FECOFA, shirikisho letu la Kongo, kwa kawaida haimsajili. Mazembe imechota sana Zambia, watu kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, huyu wa pili ndiye aliyepiga penalti ya ushindi ya Zambia kwenye Kombe la Afrika 2012. Mtu anaweza kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na kulala Lubumbashi siku hiyohiyo. Cheti chake kinaweza kukaa siku kadhaa Lusaka.

Na vipimo vya afya? Kila mwaka utasikia kwamba fulani amesaini lakini mkataba unategemea vipimo. Kwa sheria za FIFA, uhalali wa mkataba hauwezi kufungwa kwenye matokeo ya daktari wala kibali cha kazi. Klabu inapaswa kumpima kabla ya kutia saini. Ikisaini halafu ikamkataa kwa sababu ya goti, ina kesi, na kesi hizo klabu mara nyingi hupoteza.

Dirisha la usajili hufungwa kwa saa za shirikisho, na FECOFA iko Kinshasa. Saa sita usiku ya Kinshasa ni saa saba usiku ya Lubumbashi. Tofauti hii ya saa moja huwapotosha watu kila mwaka: tangazo linatoka saa sita na nusu yetu, wanapiga kelele kwamba klabu imechelewa, kumbe bado ina nusu saa. Tarehe zenyewe FIFA inazichapisha kwa kila nchi, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Angalia pia tarehe za nchi tunakouza. Dirisha letu likifungwa la wengine likiwa wazi, tunaweza kumpoteza mtu na tusiweze kumleta wa kuziba pengo. Iko nafasi ya dharura: mchezaji ambaye mkataba wake uliisha kabla ya dirisha kufungwa anaweza kusajiliwa hata baadaye, shirikisho likikubali. Ndiyo maana majina ya wachezaji huru hutokea mwezi wa tisa na wa kumi.

Kuna sharti lingine la kuandika daftarini, kwa wale wanaohamahama. Katika msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu 3, lakini acheze mechi rasmi kwa klabu 2 tu. Mtu aliyeanza msimu klabu moja na Januari akacheza nyingine hawezi kutusaidia kabla msimu huo haujaisha, hata akiwa bure. Mkopo nao una mipaka: hauzidi mwaka mmoja, na aliyekopeshwa hakopeshwi tena kwa wa tatu.

Fedha ndizo zinazoharibu zaidi, na zinaharibu polepole. Klabu isipolipa mishahara ya miezi 2, mchezaji anaweza kuiandikia na kuipa siku 15. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kuondoka bure. Klabu ikishindwa kesi FIFA na isilipe ndani ya siku 45, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha 3 kamili. FIFA ina orodha ya wazi ya klabu zilizofungiwa. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Mimi ningemshauri kila shabiki, wa Mazembe au wa Lupopo, wapinzani wetu wa hapa mjini, aifungue kwanza kabla ya kuamini jina lolote jipya. Klabu iliyo kwenye orodha hiyo inaweza kusaini watu kumi na wote wakakaa jukwaani. Kwa kawaida jina la klabu huondolewa baada ya deni kulipwa, kwa hiyo irudie tena wiki ya mwisho ya dirisha.

Adhabu hazilali wakati wa mapumziko. Kufungiwa mechi kunamfuata mchezaji hadi msimu mpya na hadi klabu mpya. Sisi tunalijua hilo: Trésor Mputu, mchezaji bora tuliyekuwa naye, alifungiwa na FIFA mwaka 2010 baada ya vurugu kwenye mechi huko Kigali, na Abu Dhabi ikachezwa bila yeye. Kadi nyekundu ya mechi ya mwisho ya CAF iandike kwenye mstari wa mwenye kadi, usiisubiri Agosti kushangaa kwa nini hayupo.

Sasa orodha ya CAF. Hii ni tofauti na usajili wa Linafoot, ina tarehe zake, na mara nyingi hufungwa mapema kuliko dirisha la nyumbani. Asiyewahi orodha ya kwanza anaweza kuikosa raundi ya awali ingawa anacheza ligi kila wiki. Kwa timu inayolenga makundi, raundi za awali ndizo hatari: mechi 2, wapinzani ambao tayari wako kwenye mwendo wa ligi yao, na sisi tuna wiki chache tu za mazoezi. Usajili wa Julai mapema una thamani kubwa kuliko jina kubwa la dakika ya mwisho. Na mwaka wa CHAN mambo huwa magumu zaidi, maana mashindano hayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani tu. Yale ya Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda, yaliangukia katikati ya maandalizi. Ekipe inayotoa watu wengi timu ya taifa huwapata wamechoka, na kocha anajaribu mfumo wake kwa vijana.

Mazoezi yenyewe yanaangukia kiangazi chetu. Juni na Julai Lubumbashi ni kavu, asubuhi ni baridi kali, na tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mchezaji anayetoka pwani, Abidjan au Dar es Salaam, huhitaji muda kabla ya pumzi yake kukaa sawa, basi usimhukumu wiki ya kwanza. Nyasi bandia za uwanja wetu wa Kamalondo zikiwa kavu zinashika kiatu na mpira unadunda juu. Misuli ya nyuma ya paja na vifundo vya miguu huumia hasa siku hizo, mwili ukitoka mapumzikoni. Ukisikia watu watatu wa nafasi moja wameumia kabla ya Agosti, usilaumu bahati. Uliza mzigo wa mazoezi ulipandishwa haraka kiasi gani.

Matokeo ya mechi za kirafiki sitayazungumzia sana kwa sababu hayasemi kitu. Tazama mambo matatu: mabeki wanne wanaopangwa pamoja zaidi ya mara moja, nani anapiga kona na faulo, na kipa gani anaanza kipindi cha kwanza. Hayo hudumu hadi msimu.

Bado kuna pesa ambayo mashabiki wachache huihesabu. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla ya mkataba kuisha, 5% ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Chukua ada ya euro 1,000,000: zinatengwa 50,000. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una 2,500. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una 5,000. Kijana aliyekaa klabu ya CS Don Bosco akiwa na miaka 14 hadi 17, kisha Mazembe miaka 18 hadi 21, anaipa Don Bosco 15,000 na Mazembe 20,000. Na hulipwa tena kila anapouzwa kwa ada. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, miaka yake ya Lubumbashi ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia ofisi ya malipo ya FIFA, kwa kufuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Kinachoharibika ni kilekile: msimu ambao mtoto hakusajiliwa shirikishoni hauonekani kwenye pasipoti, na fungu lake linapotea. Shule za mpira za mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya na Katuba zinazolea vijana bila kuwaandikisha zinatupa pesa ambayo ingenunua mipira na viatu vya miaka.

Usiku wa dirisha kufungwa, basi, usikeshe na majina. Lala. Asubuhi linganisha daftari na orodha ya Linafoot, kisha na ya CAF ikitoka. Aliye kwenye zote mbili ni wetu. Aliye kwenye ya kwanza tu, andika pembeni mwezi ambao CAF itafungua nafasi za nyongeza. Asiye kwenye yoyote, hata kama jezi yake inauzwa mjini, mwekee mstari wa penseli.