Nilivyoijenga theremini ya valvu kwa mikono yangu

Theremini ni ala ya muziki ya umeme inayopigwa bila kuguswa. Lev Termen wa Urusi aliibuni mwaka 1920 hivi, akapata hataza ya Marekani mwaka 1928, kisha RCA, kampuni ya redio ya Marekani, ikaunda kama 500 tu kuanzia 1929. Mimi nilitaka sauti ile ile ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), laini kama ya mtu anayeimba kwa kufumba mdomo. Za transista nilikuwa nimeshazipiga, ila sauti niliyoipenda sikuipata humo.

Ndani yake mna sakiti mbili zinazotoa mawimbi ya redio ambayo sikio haliyapati. Moja haibadiliki. Ya pili imeungwa na antena iliyosimama; ukisogeza mkono karibu, mkono wako na ile antena huwa kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji ya umeme, na masafa ya sakiti hiyo (idadi ya mitetemo yake kwa sekunde) hushuka kidogo. Kinachosikika ni tofauti kati ya hizo mbili. Moja ikiwa kilohezi 170 na nyingine 169.56, spika inakupa hezi 440, yaani noti ya La. Mkono wa kushoto, juu ya antena ya kitanzi, huongeza na kupunguza ukubwa wa sauti.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, noti za juu zilitoka vizuri. Za chini zikagoma: nikizishukia, sauti inakatika ghafla, kimya. Sakiti zangu zilikuwa jirani mno, na masafa yao yakikaribiana yananasana yanakuwa mamoja. Nikaziweka moja kila upande wa kabati na kuzifunika kwa bati la alumini lililoungwa na ethi, waya unaokwenda ardhini. Hapo noti za chini zikaja.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa koili ya antena, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kati ya antena na sakiti. Wengi huiruka, nami naona ndilo kosa kubwa. Bila koili hiyo, karibu na antena oktavu nzima (toka Do hadi Do ya juu yake) inabanwa ndani ya vidole viwili, na kwa mbali unapunga mkono wote noti haisogei. Nilizungusha waya wa shaba mwembamba kama unywele kwenye bomba la kadibodi, kila mizunguko 100 natia alama ya penseli. Kwenye mzunguko wa mia sita na kitu, waya ukakatika. Nikaukwangua vanishi kwa msasa, nikaulehemu, lakini kiungo kikaacha kinundu na mizunguko ya juu yake ikapanda ovyo. Nikaufungua wote nikaanza upya. Safari hii niliigawa koili mafungu manne yenye nafasi kati yake, kwa sababu mizunguko ikirundikana hugeuka kapasita yenyewe kwa yenyewe.

Ukitaka kujaribu, ogopa umeme wa valvu. Yangu ina zaidi ya volti 200, na kapasita hubaki na chaji hata ukishachomoa plagi. Kabla ya kugusa chochote mimi huzimaliza chaji kwa rezista (kifaa cha kuzuia umeme usipite kwa kasi), kisha napima kwa mita.

Jioni ile niliyoikamilisha niliiacha ipate moto nusu saa, maana valvu zikiwa baridi noti inahamahama. Nikasimama bila kuyumba, nikakunja ngumi mbele ya antena, nikakunjua kidole kimoja kimoja. Noti zikapanda kwa hatua zinazolingana, mpaka oktavu ikatimia mkono ukiwa wazi.