Kafuri ya Miyajima

Mama alifariki alfajiri, akazikwa Wete alasiri ileile. Mimi nilikuwa mwanafunzi Hiroshima, Japani, nikafuata mazishi kwa simu. Mwezi mmoja baadaye, Jumapili ya mwezi mpevu, Machi 2014, mwenzangu wa maabara akasema hatakubali nishinde ndani tena. Akanipeleka kisiwa cha Miyajima.

Kutoka Miyajimaguchi, bandari ya upande wa bara, ni dakika 10 tu kwa boti. Asubuhi maji yalikuwa yamejaa, na lango jekundu la hekalu la Itsukushima, Wajapani huliita torii, limesimama peke yake baharini. Tukapita katika zile korido ndefu za mbao zilizojengwa juu ya maji. Mwenzangu akanionyesha nafasi kati ya mbao za sakafu: zimeachwa makusudi, dhoruba ikija maji yapenye yapande, yasiing'oe sakafu. Hapo nikawapenda mafundi wale. Waliijua bahari kama waunda majahazi wa kwetu.

Tukapanda mlima Misen, mita 535. Karibu na kilele kuna kibanda chenye moto ambao inasemekana haujazimika tangu mwaka 806. Moshi wake mkali, hatukukaa.

Tuliposhuka alasiri, bahari ilikuwa imepwa. Ilikuwa bamvua. Kina mama waliovaa viatu vya mpira walikuwa wameinama wakichimba kombe, ndoo pembeni, migongo imepinda vilevile kama ya mama na jirani zake. Nikavua viatu, nikatembea kwenye mchanga wenye maji hadi langoni.

Ukiwa bara unaliona jembamba. Ukisimama chini yake, zaidi ya mita 16 zinakuinamia. Mwenzangu akasema nguzo hazikufukiwa ardhini. Lango lote lina uzito wa tani 60 hivi, na ile boriti ya juu ni kama sanduku lililojazwa mawe. Uzito huo ndio unaolishikilia tangu 1875, maji yakija na kuondoka.

Nikamuuliza nguzo zile kubwa ni za mti gani. "Kusunoki," akajibu, akatafuta neno kwenye simu, akanipa nisome. Ni mkafuri.

Kafuri. Ile tunayotia katika maji ya mwisho ya kumwosha maiti. Dada zangu walimwosha mama. Mimi sikushika hata kata. Na asubuhi mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba kwa mila yao hakuna anayezikwa kisiwani hapo. Wafu huvushwa kwenda bara.

Nikaweka paji la uso kwenye nguzo, nikavuta pumzi. Mwani na chumvi. Nikajinyoosha kwa vidole vya miguu, juu ya alama ya maji kujaa, nikanusa tena. Mwani na chumvi.

Nikamwombea mama pale pale, kimoyomoyo. Nilipofumbua macho maji yalikuwa yameanza kurudi, yamefika vifundoni, na mwenzangu amesimama kando yangu ameshika viatu vyangu.