Nguo Iliyotandazwa Ofra

Somo: Waamuzi 8:22–27

Wapendwa katika Bwana, Waisraeli walipookolewa mikononi mwa Wamidiani walimwendea Gideoni wakamtaka awatawale, yeye, mwanawe na mjukuu wake. Jibu lake lilikuwa la mtu amchaye Mungu: si yeye atakayewatawala wala mwanawe, bali Bwana. Laiti habari ingeishia hapo. Papo hapo akaomba kila mmoja ampe pete za nyara zake, nao wakatandaza nguo, wakazitupa pete humo kwa hiari, hata uzito wake ukafika shekeli 1,700 za dhahabu. Kwa dhahabu hiyo alitengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake Ofra, na Israeli wote wakaigeukia kwa ibada.

Tuitazame kwanza ile nguo. Hakuna askari aliyesimama kando yake na mkuki, wala hakuna aliyetangaza kwamba leo tunamwacha Bwana. Watu walikuwa wameonewa miaka 7, wakijificha mapangoni huku mazao yao yakiharibiwa, na mtu aliyewatoa huko alistahili heshima. Sanamu ile ilianza kama shukrani, na ndiyo maana ninaogopa shukrani yangu mwenyewe.

Majira ya kampeni nami niliitandaza nguo yangu. Katika jumuiya yetu huku Temeke, tulipokuwa tukinywa chai baada ya sala, ndugu mmoja alimkosoa kiongozi ninayempenda. Nilimjibu kwa ukali, na kwa wiki kadhaa kila nilipomkuta kituo cha daladala niliinamia simu ili nisimsalimu. Jina la Mungu huapiwa ovyo kituoni hapo kila asubuhi, nami sijawahi kuinua hata uso. Kwa jina la mwanadamu niliwaka moto, nikamnyima salamu mtu ninayeshiriki naye Meza ya Bwana.

Mtume Paulo anatuagiza tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1–2), na agizo hilo lina dawa ndani yake, kwa maana anayeombewa ni mhitaji, naye mhitaji hawezi kuwa mungu wa mtu. Lakini nikisikiliza maombi yetu, yangu yakiwa ya kwanza, nasikia tukimsimulia Mungu sifa za kiongozi, miradi yake na ushujaa wake, kana kwamba Mungu ndiye anayepaswa kushawishika ampigie kura.

Rais John Magufuli alipofariki hapa Dar es Salaam, tarehe 17 Machi 2021, wengi wetu tulilia, na kulia kule hakukuwa dhambi. Zaburi 146 haikatazi kuwapenda wakuu. Inakataza kuwatumainia, nayo inataja sababu: pumzi ya mwanadamu hutoka, akarudi udongoni, na siku hiyohiyo mipango yake hupotea. Aliye Ikulu na anayeitamani wote wanaishi kwa pumzi hiyo.

Jumamosi iliyopita nilimwendea ndugu yule, nikamwomba radhi, kisha nikamsihi atuongoze katika kuwaombea viongozi. Alimtaja kiongozi wangu kwa jina, akamwombea afya, usingizi mwema, na moyo wa kuupokea ukweli anapoambiwa na watu wadogo. Sikuwahi kumwombea hivyo hata siku moja.