Kombe la Ami na kijiko cha nesi

Juzi usiku tulikuwa tunakula, mwanangu akamkazia macho bibi yake, kisha akauliza: "Kwa nini Bibi akinywa maji anainamisha kidevu?" Mama akacheka. Akashusha kidevu kifuani, akanywa funda moja, akameza, kisha akafungua mdomo wote kumwonyesha kuwa maji yamekwenda. Mtoto akaridhika, akarudi kwenye muhogo wake. Mimi chakula hakikushuka tena. Swali lile lilinirudisha Chake Chake, Pemba, wodini, mwaka ule mama alipopata kiharusi.

Asubuhi yenyewe sina haja ya kukaa nayo sana. Mama alisali alfajiri, akafagia uani, akaamkiana na jirani. Kabla ya saa mbili akakutwa amekaa chini karibu na kisima, mdomo umekwenda kushoto, ufagio umemwanguka. Jirani, kwa huruma, akamkorogea maji ya sukari. Yakamtoka yote pembeni mwa mdomo, yakamrowesha kanga. Dada yangu alikuwa amefundishwa kliniki. Akapiga magoti mbele yake. "Mama, cheka." Ukacheka upande mmoja. "Nyanyua mikono yote miwili." Wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki mapajani. "Nambie jina langu." Ikatoka sauti, jina halikutoka. Wapo waliosema ni upepo, tumsubiri Ami, ndugu yake baba, aje amsomee kwanza. Dada hakumsubiri mtu. Alikwenda kusimamisha gari barabarani, tukampakia mama. Kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Daktari hakuanza kuuliza anaumwa wapi. Aliuliza, "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Akalirudia swali hilo kwa kila mmoja wetu mpaka akapata jibu moja. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, nayo inafaa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze. Lakini haitolewi kwa kukisia. Lazima kichwa kipigwe picha kwanza, kwa sababu ukimtazama mgonjwa kwa nje, mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka hufanana, na dawa inayomponya wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Ndiyo maana alimzuia pia binamu yangu aliyekuja na kidonge cha aspirini mkononi. Kwetu wakati ule dawa ile haikuwapo, na picha ya kichwa tulikuja kuipiga Unguja, mama alipopata nguvu ya kuvuka. Wakamtoboa kidole kupima sukari, maana sukari ikishuka sana nayo humfanya mtu aonekane kama kapooza. Wakampima presha, wakamtundikia dripu. "Sasa tumtunze vizuri," daktari akasema.

Ami alifika baada ya alasiri. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na chupa ameishika kwa mikono miwili, imefungwa kwa leso. Hatukuhitaji kuuliza. Alikuwa ameshinda mchana kutwa kwenye chuo chake cha Kurani akiandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, akatia kwenye chupa. Ami amesomesha nusu ya mtaa wetu. Alipoingia, hata wagonjwa wa vitanda vingine walijaribu kukaa vizuri.

Akaifungua ile leso. Dada akanitazama. Mama hajatia kitu kinywani tangu asubuhi, midomo imemkauka mpaka imepasuka, na macho yake yameshaiona chupa.

Nesi wa zamu alikuwa binti mdogo tu, labda ana umri wa mwanafunzi wa mwisho wa Ami. Akaja mbio kidogo, akapunguza mwendo alipokaribia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea kombe shemeji yangu."

"Nimeliona, Maalim. Nipe ruhusa nimjaribu koo kwanza, nawe utazame."

Akainua kichwa cha kitanda mpaka mama akakaa wima. Akamsafisha kinywa kwa kitambaa laini chenye maji, polepole, ndani ya shavu la kulia, na humo akatoa mabaki ya chakula ambayo mama mwenyewe hakuyahisi. Akamwambia akohoe. Kikohozi kikatoka kidogo. Akachukua kijiko cha chai, akateka maji safi, hata kijiko hakijai. Vidole vyake viwili akaviweka juu ya kikoromeo cha mama, akamtia maji.

Hakuna aliyepumua. Nilikiona kikoromeo kimetulia, kimetulia tu, kisha kikapanda kwa kuchelewa. Tone likatoka pembe ya kulia ya mdomo. "Mama, sema aaa." Mama akasema. Sauti ikatoka na mapovu ndani yake, ya mtu anayesema na maji kooni. Halafu akaanza kukohoa, uso umemwiva, na nesi amemshika mgongo mpaka akatulia.

"Bado," nesi akasema. Akakirudisha kijiko.

Ami hakusema neno. Chupa ilikuwa wazi bado.

"Maalim, kombe lako sijalikataa. Koo ndilo linalolikataa. Upande mmoja umelala, kile kifuniko cha njia ya pumzi hakifungi kwa wakati. Tukimnywesha sasa, hata liwe na baraka gani, litakwenda mapafuni. Wapo wagonjwa wetu ambao hawauawi na kiharusi chenyewe, wanauawa na homa ya mapafu inayokuja baada yake, na mara nyingine imeletwa na kikombe cha mtu anayewapenda."

Ami akafikiri. Nilimwona akifikiri, maana ana tabia ya kushika ndevu. Kisha akauliza, kwa adabu ileile anayowauliza nayo masheikh wenzake: "Kumpaka je?"

"Mpake, Maalim. Mpake tu."

Akamimina kiganjani. Akampaka mama kipaji, shavu lililolegea, bega, kisha akauchukua mkono wa kulia na kuupaka kidole kimoja kimoja, midomo yake inasoma. Vidole vya mama vikageuka njano ya zafarani. Nesi alisimama pale mpaka Ami akamaliza, akaitikia amin, ndipo akatia mpira wa puani wa kumpitishia uji.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ndefu. Tulimgeuza kila saa 2 asipate vidonda. Tulifundishwa tusimvute kwa mkono uliopooza tunapomnyanyua, bega litachomoka. Kijiko kilijaribiwa tena na tena, mpaka siku moja "aaa" ikatoka safi, na ndipo akafundishwa kunywa kwa kuinamisha kidevu. Maneno yalikawia zaidi. Majina yetu hakuyaweza, lakini Alhamdu aliisoma yote bila kukwama, na daktari akasema ndivyo inavyokuwa: yaliyohifadhiwa tangu utotoni mara nyingi husalia hata pale maneno ya kawaida yanapopotea. Ami alikuwapo siku hiyo. Alilia mbele yetu.

Nyumbani mpira wa kufinya kwa mkono, aliopewa wa mazoezi, aliutupa. Ikaingia karafuu. Tukimwekea jamvi jioni, naye akakaa na wachambuaji, konyo, kile kikonyo chenye karafuu, kalishika kwa mkono mzima, ule wa kulia unajaribu kung'oa kichwa kimoja cha karafuu. Mwanzo alikiponda tu. Mwisho wa msimu alikuwa anajaza kikombe kwa usiku, na mtaalamu wa mazoezi alipomtazama alisema tusimbadilishie kazi.

Ami anaamini ni kombe. Simpingi, na wala sijui kipimo cha kupimia jambo kama hilo. Ninachojua ni kwamba lingepita kooni siku ile, tungemzika.

Linaloninyima usingizi sasa ni Ami mwenyewe. Mwezi uliopita nilimpima presha kwa mashine ya mama, ikasoma 178 kwa 104, iko juu sana. Akaniambia kichwa hakimuumi. Nikamwambia mama naye hakikumuuma. Akashika ndevu, akasema atalifikiria karafuu ikishaanikwa. Dada anataka tumpakie kwenye gari kama alivyompakia mama. Mimi naona tumtume mama akazungumze naye. Anasema taratibu, na baadhi ya maneno humponyoka, lakini Ami hajawahi kumkatalia shemeji yake kitu.