Mama Ana na mashairi yake ya uzeeni

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Wiki hii kuna mama mmoja hanitoki kichwani, na kwa vile tuko Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wetu, nimeona nisibaki naye peke yangu. Anaitwa Anne Porter. Ni Mmarekani, alizaliwa Novemba 1911 kule Massachusetts akafariki Oktoba 2011, yaani zilibaki wiki chache tu afikishe miaka 100. Mama wa watoto 5, Mkatoliki wa sala kweli kweli, na mshairi. Sasa sikieni, kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1994. Pigeni hesabu. Mama alikuwa ameshavuka miaka 80! Na kitabu hicho kikaingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo kubwa ya vitabu kule kwao, National Book Award.

Miaka yote ile alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani. Aliolewa mwaka 1932 na mchoraji Fairfield Porter, ambaye jina lake kwenye sanaa ya Marekani ni kubwa mpaka leo, wakaishi Southampton, mji wa pwani katika jimbo la New York, na nyumba yao ilikuwa haikauki wageni, wachoraji, washairi, marafiki wa mume, na kila mgeni maana yake ni sahani nyingine mezani na shuka nyingine ya kufua. Mtoto wao wa kwanza hakukua kama wenzake, akili yake ilihitaji uangalizi maisha yake yote, na mama mwenye mtoto kama huyo anajua usiku una saa ngapi. Kuna mshairi mmoja, James Schuyler, alifika pale mwaka 1961 akiwa ametoka kuugua akili, akaja kama mgeni. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa kama miaka 11. Nikisoma habari hizi najiuliza mimi ningeweza wiki ngapi.

Halafu katikati ya miaka ya 1950, akiwa mke na mama tayari, akaingia Kanisa Katoliki. Mume hakumfuata. Kwa hiyo hata imani yake aliibeba ndani ya nyumba ambayo mwenzake hasali naye, na wapo akina mama wengi hapa kwenye jumuiya zetu wanaojua hilo bila kuelezwa, wanaoamka Jumapili wanavaa kimya kimya wanatoka.

Septemba 1975 mume alitoka kutembea na safari yake ya hapa duniani ikaishia huko. Mama akabaki mjane, miaka 63. Na hapo ndo akaanza kukaa na mashairi yake kwa utulivu, maana kuandika alikuwa anaandika tangu ujana ila kwa kuibia ibia muda.

Jamani, nikifika hapo namwona Ana wa Injili, Luka 2:36 hadi 38. Binti Fanueli, mjane, Luka anataja mpaka miaka yake, 84, hatoki hekaluni usiku na mchana. Tunampita haraka kila mwaka kwenye sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni kwa sababu Simeoni ana wimbo na yeye hana, maneno yake hayakuandikwa hata moja, ila Luka anasema alimshukuru Mungu na akawaeleza watu habari za Mtoto. Alikuwa na cha kusema! Na alikisema akiwa bibi kizee. Anne na Ana ni jina moja, na umri nao unakaribiana. Mimi hilo silioni kama bahati tu.

Kuna shairi lake moja limenikamata. Anakumbuka akiwa mtoto mdogo, amekaa sakafuni kando ya piano, mama yake anapiga na kuimba, na yeye analia kwa kwikwi. Hakuna aliyempiga, haumwi popote. Ni ule uzuri wa muziki wenyewe. Anauliza kwa nini muziki ukiwa mzuri sana unatufungua kidonda, tunapata uchungu kama wa mtu aliyekumbuka kwao, nchi ya mbali ambayo ameisahau nusu. Nilipoisoma hiyo niliweka simu chini. Kwa sababu hiyo ni Salamu Malkia, wapendwa, "tunakusihi ugenini hapa, sisi wana wa Eva", tunaisema kila siku mwisho wa rozari tukiwa tumeshachoka tunawahi kumaliza, kumbe mtoto yule pale sakafuni alikuwa anaisali bila kuijua.

Na mimi nikamkumbuka mama yangu. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake baada ya arobaini tulikuta kaunta buku chini ya godoro, kurasa za mbele ni madeni ya maandazi, fulani mia mbili, fulani mia nne, amekata kwa kalamu nyekundu waliolipa. Ukigeuza daftari uanze nyuma, ni mashairi. Ya vina na mizani kabisa, ya Bikira Maria, moja la mdogo wetu aliyefariki akiwa na miezi saba. Kurasa zina madoa ya mafuta. Hakuwahi kutusomea hata ubeti mmoja, na sisi hatukuwahi kumuuliza alikuwa anaandika nini usiku kwenye kibatari, tulidhani ni hesabu.

Leo usiku kwenye rozari, mkifika "ugenini hapa" naomba msikimbie, lisemeni taratibu, halafu mtaje Anne, na mama yangu, na mama zenu wenye daftari ambazo hamjazifungua.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.